Stempu ya Elfu Tisa Inayomzuia Fundi Phylis Kuhama Kitengela

Saa moja kasorobo asubuhi, mvua imekatika dakika chache zilizopita, na Phylis Mbithi tayari amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu. Anang'oa kitambaa cha zamani kwa bisibisi iliyonolewa ncha. Pini zinaruka moja moja na kuangukia kwenye kopo la rangi. Chini ya sponji iliyochakaa anatoa kijiko, kifuniko cha kalamu, sarafu mbili za shilingi kumi na soksi ya mtoto.

"Vitu vya mwenyewe naweka kwa mfuko, anachukua na kiti yake," anasema. "Ukianza kula pesa ya ndani ya kiti, wateja watajua tu."

Kibanda chake kiko kando ya barabara ya Namanga, dakika kumi kwa miguu kutoka katikati ya Kitengela. Mbele yake udongo mweusi umelowa hadi hakuna anayetaka kuukanyaga. Mteja mmoja aliyevaa gambuti anaona heri asimame kwenye lami na kuongea kwa sauti.

"Mama Evalyne, hiyo kiti yangu itaisha kabla sijazeeka?"

"Umeshazeeka. Kiti ndiyo bado."

"Uliniambia Jumatano."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Basi rudi kwako ulale."

Mwanamume huyo anaondoka akicheka. Phylis hacheki. Ana miaka 49 na ukimlinganisha na majirani ungesema amefanikiwa, maana ana nyumba mbili. Lakini katika wiki tano zijazo anaweza kubaki bila hata moja iliyo yake kwa karatasi, na akapoteza shilingi 420,000 alizoweka kama malipo ya kwanza.

"Ya Kajiado nimenunua lakini siwezi kuingia. Ya Kitengela nimeuza lakini siwezi kuipeana," anasema. "Mtu akiniuliza unakaa wapi, namwambia nakaa kwa wakili."

Kilichomfikisha hapo ni ushuru wa stempu, ule ambao kila anayenunua ardhi au nyumba hulipa kabla ya jina lake kuingia kwenye hatimiliki. Mjini ni asilimia nne ya thamani ya mali, mashambani ni asilimia mbili. Anayelipa ni mnunuzi. Na thamani yenyewe si ile mliyopatana mkinywa chai; ni ile atakayoikubali mthamini wa serikali.

Phylis alizaliwa Makueni. Alifika upande huu mwaka wa 1999 kushona suruali kwenye kiwanda kimoja cha nguo kule Athi River, na humo ndimo alimopata mume, Mbithi, aliyekuwa akipakia lori. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, yeye alikuwa wa kwanza kupewa barua. Alikuwa na mimba ya Evalyne, binti yao.

Akaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza makochi chini ya turubai na kumwambia anajua cherehani. Mzee akamwambia makochi si suruali. Phylis akamjibu kwamba suruali ina kona nyingi kuliko kochi. Alimshonea mzee huyo vifuniko vya mito kwa miaka minne, kisha akaanza kibanda chake mwenyewe. Leo ana cherehani mbili kubwa za kushona ngozi na turubai, mashine ya kupigia pini, na wafanyakazi wawili wa kupasua mbao. Mwezi mzuri humwachia kama shilingi 60,000 baada ya gharama zote. Mwezi wa Januari, wazazi wote wakiwa wamemaliza pesa kwa karo, hupata nusu ya hiyo.

Mwaka wa 2011 yeye na Mbithi walinunua ploti upande wa Korompoi, hapo hapo Kitengela, futi hamsini kwa mia, kwa shilingi 450,000. Aliyewauzia alikuwa mzee ole Kuntai, mwenye mashamba ambaye alikuwa akikata ploti kila watoto wake walipohitaji karo. Walikwenda naye bodi ya ardhi, akatia sahihi fomu za uhamisho, akawapa picha zake ndogo tatu, nakala ya kitambulisho, namba yake ya kodi na hatimiliki yenyewe. Walishikana mikono.

Kilichobaki kilikuwa kulipa stempu, wakati huo shilingi elfu tisa, na kupeleka karatasi kwa ofisi ya ardhi. Pamoja na wakili na ada nyingine ndogo ndogo ilikuwa kama elfu thelathini. Hawakulipa. Walinunua mabati.

"Mzee wangu alisema taito tuko nayo mkononi, fomu zimesainiwa, ya haraka ni nini?" anasema Phylis. "Na mimi nilikubali, usifikirie nilikataa. Tulikuwa tunakaa nyumba ya kupanga, paa linavuja. Ungeniambia nichague mabati ama stempu, ningechagua mabati mara kumi."

Hawakuwa peke yao. Ni tabia iliyozoeleka hapa: unanunua ploti, unapewa hatimiliki iliyo na jina la muuzaji pamoja na fomu alizosaini bila tarehe, unatia zote kwenye bahasha ya plastiki na kuificha chini ya godoro. Siku ukiuza, unampa mnunuzi wako bahasha, yeye anajaza jina lake na kulipa stempu mara moja tu. Serikali inaona mauzo ya mara moja badala ya mbili. Kila mmoja anajiona mjanja. Wengi wanaosoma gazeti hili wana bahasha ya namna hiyo, na wanajua iko wapi.

Ujanja huo unafanya kazi kwa sharti moja, kwamba aliyesaini asife.

Mzee ole Kuntai alifariki mwaka wa 2019. Phylis alipata habari, akatuma rambirambi ya shilingi elfu mbili kwa simu, akaendelea na kazi. Alikuwa na oda ya viti vya kanisa.

Mwaka jana mwenye ploti ya kibanda chake alimwambia ahame ifikapo Juni, kwa kuwa anajenga fleti za ghorofa tano. Phylis alizunguka Kitengela nzima akitafuta mahali pengine kando ya lami. Kodi aliyoulizwa ilikuwa mara tatu. Nyumbani kwake Korompoi hakufai kwa kazi: mvua ikinyesha lori la mbao haliingii, na majirani wamejenga hadi ukutani.

Ndipo akasikia habari ya nyumba ya Mwalimu Gakuru.

Gakuru ni mwalimu mstaafu wa miaka 71 anayeishi Kajiado mjini. Nyumba yake ni ya mawe, vyumba vitatu, na mbele ina uwanja na banda kubwa la mabati linalotazama barabara. Alikuwa akilitumia kuhifadhi nyasi za ng'ombe. Anataka kurudi Nyeri kwa watoto wake kwa sababu ana ugonjwa wa sukari na hapendi kuwa peke yake. Bei, milioni nne na laki mbili.

"Nilisimama kwa ile banda nikaona mahali cherehani itakaa, mahali mbao zitakauka, mahali mteja atasimama bila kukanyaga matope," anasema Phylis. "Sikuona nyumba. Nyumba niliangalia baadaye."

Kulikuwa na mnunuzi mwingine, mwenye duka la dawa za mifugo, aliyekuwa amekuja mara mbili. Phylis hakungoja kuuza ya Kitengela kwanza. Januari 14 alitia sahihi mkataba na kulipa asilimia kumi, akiba yake yote. Mkataba ulimpa siku tisini kumaliza. Sacco yake ingemkopesha milioni moja na laki sita. Zilizobaki zingetoka Korompoi.

Na mnunuzi wa Korompoi alipatikana upesi. Judy Nyawira, mfanyabiashara wa mitumba mwenye umri wa miaka 38, alipenda nyumba, akapenda tangi la maji, akakubali milioni mbili na laki saba. Kwenye karatasi, hesabu ya Phylis ilitosha na hata kubaki. Mbithi alianza kuuliza bei ya lori la kuhamisha vitu.

Kisha wakili wa Judy akafanya kile ambacho wakili yeyote hufanya. Alikwenda kupekua rekodi za ardhi.

Judy anakumbuka simu aliyopiga. Tulimkuta sokoni akipanga blanketi, na hakuacha kupanga alipokuwa akiongea.

"Nilimuuliza, mama, huyu Lemayian ole Kuntai ni nani? Akaniambia ni mzee aliyemuuzia. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema alishakufa." Judy anatikisa blanketi. "Mimi nampenda Mama Evalyne, viti vyangu vya nyumbani ni yeye alitengeneza. Lakini siwezi nunua nyumba kutoka kwa marehemu."

Alimpa muda. Pesa zake ziko benki na kuna ploti nyingine ya Isinya anayopigiwa simu kila wiki.

Wakili wa Phylis, Bwana Muturi, ana ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Anasema bahasha kama ya Phylis humfikia mara mbili au tatu kwa mwezi. Fomu za 2011 hazikumsaidia. Kibali cha bodi kilishapitwa na wakati. Aliyesaini hayupo kuthibitisha kwamba ni yeye. Mali yote iliyo kwa jina la marehemu sasa iko mikononi mwa wasimamizi wa mirathi, na ni wao tu wanaoweza kusaini upya.

"Nilimwambia atafute familia kabla hajatafuta kitu kingine chochote," anasema Muturi. "Aliniuliza kama kuna njia fupi. Nikamwambia hapo alipo ndipo njia fupi ilipomfikisha."

Wiki ya kwanza ya Machi, Phylis na Mbithi walifunga kibanda siku nzima na kwenda Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, anakoishi Kuntai, mwana wa marehemu. Walibeba sukari kilo tano, majani ya chai na blanketi.

Kuntai, mfugaji wa miaka 44, aliwapokea nje ya nyumba.

"Takwenya, mama."

"Iko," Phylis akajibu kwa Kimaasai, kama alivyofundishwa na wateja.

Walipewa chai. Waliulizwa habari za mvua. Ilipita karibu saa nzima kabla ya Mbithi kutoa bahasha. Kuntai alitazama picha tatu ndogo za baba yake kwa muda mrefu kuliko alivyotazama fomu.

"Hii picha hatuna," alisema. "Mnaweza kutuachia moja?"

Kisha akawaambia. Mirathi ilikuwa imekwisha kortini mwaka mmoja uliopita. Familia iliwataja wanunuzi sita wa ploti ambao hawakuwa wamehamisha, ili kila mmoja apate chake. Phylis hakuwa mmoja wao.

Si kwamba walimficha. Kuntai anaeleza kwamba siku ya mazishi, baada ya kaburi kufunikwa, mzee wa ukoo alisimama na kutangaza kwamba yeyote aliyenunua ardhi kwa marehemu na hajaandikwa ajitokeze mbele ya watu, aseme ni wapi na aonyeshe karatasi. Ndivyo wanavyofanya ili kusiwe na ugomvi baadaye. Watu sita walisimama. Mmoja wao alikuja kutoka Mombasa.

"Wewe ulituma elfu mbili," Kuntai alimwambia Phylis. "Tuliona jina kwa simu. Lakini pesa haiwezi kusimama iseme ploti yake iko wapi."

Phylis anasimulia maneno hayo bila kumlaumu. "Nilikuwa napeleka viti vya kanisa," anasema. "Viti ishirini na nne. Wangeweza kukaa kwa mabenchi wiki moja zaidi."

Kuntai alikubali kumsaidia, lakini hakuwa peke yake. Msimamizi wa pili wa mirathi ni dada yake Margaret, muuguzi anayeishi Embulbul karibu na Ngong. Bila sahihi yake hakuna kitu. Na Margaret, Kuntai aliwaonya, si mtu wa chai na blanketi.

Siku nne baadaye Phylis alikwenda Embulbul peke yake. Mbithi alitaka kuja, akamwambia abaki.

"Alinifungulia mlango na nguo za kazi, alikuwa anatoka zamu," anasema. "Hakuniambia niketi. Aliniuliza swali moja tu: kwa miaka minane baba yangu alikuwa hai na ana nguvu, akipita Kitengela kila wiki ya soko. Ulikuwa unangoja nini?"

Na yeye alimjibu nini?

"Nilimwambia nilikuwa nahepa stempu." Phylis anainua mabega. "Ningemdanganya nini? Ni muuguzi. Hao wamezoea watu wakiwadanganya."

Margaret alimruhusu kuketi. Alisema hataki pesa, lakini pia hatatoa hata shilingi moja: gharama za kurudi kortini kuongeza jina la Phylis kwenye orodha ni za Phylis mwenyewe. Alitaka pia jambo moja liandikwe. Kortini ploti itajwe kwa jina la Phylis, ihamishiwe Phylis, na stempu ilipwe na Phylis. Hatasaini karatasi inayotoka kwa marehemu babake kwenda moja kwa moja kwa mtu asiyemjua kama Judy. Korti ikija kuuliza, anataka kila hatua ionekane.

Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Stempu hiyo haitakuwa ya bei ya 2011. Itapigwa kwa thamani ya leo, na sehemu ile leo iko ndani ya mipaka ya mji, kwa hivyo ni asilimia nne. Kwa milioni mbili na laki saba, ni shilingi 108,000.

"Elfu tisa," anasema Phylis. Anapiga pini tatu kwenye fremu kabla ya kuendelea. "Ilikuwa elfu tisa."

Kuna stempu nyingine inayomngoja Kajiado. Alidhani itakuwa asilimia nne ya bei waliyokubaliana na Mwalimu. Mthamini alipofika aliona lami, akaona banda, akaandika milioni nne na laki nane. Hiyo ni 192,000. Hakuna ubaya hapo, anasema Muturi, bei ya kirafiki ni yenu na ushuru ni wa serikali. Lakini Phylis hakuwa ameweka hata moja ya stempu hizo kwenye hesabu zake za Januari. Alidhani, kama wengi, kwamba ukishalipa nyumba umelipa.

Siku tisini ziliisha Aprili 14. Kesi ya kurekebisha orodha ilikuwa bado haijapewa tarehe. Kwa mkataba, Mwalimu Gakuru angeweza kuchukua ile asilimia kumi, kumwita mwenye duka la dawa za mifugo na kumuuzia yeye. Phylis alikwenda Kajiado akiwa na barua ya wakili ya kuomba muda.

"Hakuisoma," anasema. "Aliniambia, mwanangu, nimesahihisha vitabu vya wanafunzi miaka thelathini na sita, sitaki kusoma tena. Niambie kwa mdomo."

Gakuru alimpa hadi Mei 31. Alitaka waandikishane, na waliandikishana. Tulipomuuliza kwa nini alikubali, alijibu kwamba mwenye duka la dawa za mifugo anataka kuvunja banda ajenge choo cha wapangaji. "Lakini baada ya Mei sitangoja," aliongeza. "Watoto wameshanitumia nauli mara mbili. Na mimi mwenyewe siko kijana."

Ni jioni ya siku hiyo ambapo Mbithi alitoa wazo lake. Yeye mwenyewe analieleza bila kujificha, akiwa ameketi juu ya rundo la sponji na mikono katikati ya magoti. Ni mwanamume mpole wa miaka 53 ambaye sasa ni dereva wa lori la kokoto.

"Nilimwambia, Mama Evalyne, hii ya Kajiado tusilipe stempu sasa hivi. Mwalimu asaini tu, tukae na taito. Ile laki mbili kasoro tufanyie kazi. Tutalipa baadaye."

"Na nikakuambia nini?" mkewe anauliza bila kugeuka.

"Ulinirushia mto."

"Kabla ya mto."

"Uliniuliza Mwalimu ako na miaka ngapi."

"Sabini na moja," Phylis anasema. "Na sukari. Huyu alitaka tuweke nyumba kwa jina la mzee wa sabini na moja mwenye sukari, tena aende Nyeri. Nilishindwa kulala. Nilikuwa nafikiria Evalyne miaka ishirini ijayo akizunguka Nyeri na bahasha, akiulizia watoto wa Mwalimu, akibeba sukari na blanketi."

Mbithi hakubishana. Wiki hiyo hiyo aliuza pikipiki yake kwa shilingi 85,000, akaleta pesa zikiwa kwenye mfuko wa unga na kuziweka mezani. Sasa huamka saa kumi na moja kwenda steji kwa miguu. Phylis aliongeza pesa za zamu yake ya chama. Stempu ya Korompoi, ambayo lazima ilipwe kabla pesa za Judy hazijaingia, imetimia. Iko kwa akaunti ya wakili na Phylis ana risiti. Ile ya Kajiado itatoka kwenye kile kitakachobaki Judy akishalipa.

Kama Judy atalipa. Wiki iliyopita alipigiwa simu tena kuhusu ploti ya Isinya. Alimwambia Phylis ukweli, kwamba alikwenda kuiangalia. "Maji hakuna," Judy anasema. "Lakini bei ni nzuri. Mimi pia niko na watoto, siwezi ngoja hadi Krismasi."

Mambo haya yote yanaonekana kwenye kazi. Mwezi huu Phylis amekata kitambaa cha mteja kwa kipimo kisicho sahihi mara mbili, jambo ambalo wafanyakazi wake wanasema halijawahi kutokea. Amelipa kitambaa hicho mwenyewe. Usingizi wake, anasema, umekuwa wa vipande vipande. Evalyne, ambaye yuko chuoni Machakos, hupiga simu kila Jumapili kuuliza siku ya likizo arudi nyumba gani. Mama yake humwambia abaki chuoni kwanza.

Ijumaa iliyopita korti ya Kajiado ilitoa tarehe. Ni Mei 4. Wasimamizi wote wawili wanatakiwa kufika. Kuntai ameahidi kuondoka Oltepesi siku moja kabla, kwa kuwa mvua ikijaa korongo barabara hufungwa. Margaret amebadilishana zamu na mwenzake.

Muturi anasema korti ikikubali siku hiyo hiyo, uhamisho kutoka kwa wasimamizi hadi kwa Phylis utachukua wiki tatu ikiwa hakuna karatasi itakayokwama. Wakili wa Judy amekubali kwa maandishi kwamba pesa zitatolewa siku hatimiliki yenye jina la Phylis itakapowekwa mezani kwake. Siku hiyo hiyo zitakwenda kwa Mwalimu.

Phylis ameyaandika kwa kalamu nyeusi kwenye kipande cha katoni. Kutoka Mei 4 hadi Mei 31 ni siku ishirini na saba. Ondoa wiki tatu.

"Siku sita," anasema. "Hizo ndizo niko nazo. Zinatosha kama Kuntai hatapata ng'ombe mgonjwa, na Margaret asiitwe zamu, na Judy asipate ploti yenye maji." Anafikiri. "Na Mwalimu ale vizuri."

Mpango wake ni kwenda ofisi ya ardhi mwenyewe siku ya kuchukua hatimiliki. Hatatuma wakili wala mume. Atafunga kibanda, na wateja wote wa wiki hiyo ameshawaambia wasimpigie simu. Banda la Kajiado likipatikana, anataka kuajiri mafundi wengine wawili na kuanza kutengeneza viti vya shule.

Dada zake wa kanisani wamemcheka. Wanamuuliza kwa nini alipe zaidi ya laki moja ili aandikwe jina kwa nyumba ambayo ataiuza wiki hiyo hiyo.

"Nimewaambia nimekaa hiyo nyumba miaka kumi na minne," anasema Phylis. "Nimezaa mtoto wa mwisho hapo, nimezika mtoto huyo kutoka hapo. Nimepanda miti, nimechimba choo. Na siku zote hizo nilikuwa nakaa kwa ole Kuntai na sikujua." Anaokota bisibisi. "Nataka iwe yangu. Hata kama ni ya siku moja, halafu Judy aichukue."